Dera ni nguo ya kulalia? Nimeandikiwa onyo shelta

BintiKibokoni

Assalam aleikum, hamjambo nyote.

Nina jambo la mavazi. Najua litaonekana dogo kwa mtu aliyelala kwake, lakini mimi limeninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Tuko Massachusetts, mji sitautaja. Tulikuja 2022 kwa bahati nasibu ya grini kadi, mimi, mume wangu na watoto watatu, tukapanga ghorofa ya juu katika zile nyumba za mbao za ghorofa tatu zilizojaa huku. Januari hii moto ukaanza jikoni kwa jirani wa chini. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Lakini kile moto ulichotubakishia, maji ya wazimamoto yalikimaliza. Nilitoka na watoto, mkoba wa pasipoti, na mfuko wa nguo chafu uliokuwa mlangoni ukingoja kwenda kufuliwa. Kwa hiyo nguo zangu zote duniani hivi sasa ni zile nilizokuwa nimezichafua wiki ile: madera manne, leso (kanga) pea mbili, na buibui. Mume wangu ana vikoi viwili na suruali ya kazini.

Tumepewa nafasi katika shelta ya familia. Ni nyumba kubwa ya zamani, familia saba, kila familia na chumba chake. Jikoni, sebule na mabafu mawili ni ya wote. Siku ya kwanza nilipewa kanuni kurasa kumi na moja, nikatia sahihi kila ukurasa saa nne usiku, mtoto amelala begani. Ya mavazi nimeisoma baadaye. Inasema nje ya chumba uvae nguo za heshima na viatu wakati wote, na kwamba nguo za kulalia, taulo, nguo za ndani na zinazoonyesha mwili haziruhusiwi. Kofia za sweta zivuliwe ndani ya nyumba. Ushungi wangu haukuleta neno. Waliuliza kama ni wa dini, nikasema ndiyo, wakaandika, yakaisha.

Sasa sikilizeni. Jumanne saa kumi na mbili asubuhi nimeshuka jikoni kupika uji. Nimevaa dera la buluu la maua, ushungi kichwani, champali miguuni. Dada wa zamu akaniangalia juu mpaka chini, akasema nipande nikavae nguo. Nikamwambia nimevaa. Akasema hiyo ni nguo ya kulalia. Nikacheka, nikidhani ni mzaha! Nikakoroga uji wangu. Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu akaja na karatasi: onyo la kwanza kwa maandishi, nitie sahihi.

Mimi dera nimelivaa kwenye arusi. Nimelivaa kumpokea mama mkwe stesheni, na wanaomjua mama mkwe wangu wanajua hapokewi na mtu aliyevaa nguo ya kulalia. Linafika kisiginoni, mikono mipana, shingo ina nakshi, mwili wote umepotea ndani yake kama mwiko ndani ya gunia. Na hapo hapo jikoni kuna mwenzangu mmoja anashuka kila asubuhi na taiti iliyomkaa kama ngozi ya pili, naye haambiwi kitu. Mimi niliyefunikwa mpaka kidole ndiye sina heshima.

Niliomba mkalimani. Wakapiga simu, akapatikana kaka mmoja Mkongo, mpole kweli. Akaniuliza, "Mama, dera ni nini?" Nami kwa haraka nikajibu, "Ni nguo pana, ya kukaa nyumbani." Akatafsiri. Nikaona dada wa zamu anatikisa kichwa, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Ulimi uliponza kichwa.

Niseme na kweli ya upande wangu, nisije nikaonekana malaika. Wiki ya kwanza nilikwenda bafuni usiku na leso kifuani, kama nilivyokwenda bafuni maisha yangu yote, nikakutana mlangoni na baba wa chumba cha pili. Aligeukia ukuta, nami nikageukia ukuta wangu, tukapishana kama kaa. Hilo nimeliacha, sikuambiwa na mtu. Na mume wangu alizoea kupita koridoni na kikoi na vesti; wakamwambia haruhusiwi kutembea na taulo. Alivyokasirika! Kikoi cha Lamu kuitwa taulo!

Nauliza: nitie sahihi ile karatasi au nisitie? Onyo kama hili laweza kututoa? Na kuna aliyewahi kuwaelewesha watu hawa dera ni nini? Mume wangu asema ninunue jinzi yaishe. Sijavaa jinzi tangu nizaliwe na sitaki kuanzia jikoni mwa watu.

---

Mzee_wa_Lowell

Pole kwa moto, binti. Lakini ukenda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Hapo si kwako, umekaribishwa. Suruali mbili za mitumba ni dola kumi, na kanisani hutoa bure. Wewe unapigania dera na wenzako wanapigania chumba. Vaa suruali, tafuta nyumba, ukipata yako vaa dera mpaka barazani.

---

BintiKibokoni

Shikamoo mzee. Nguo za msaada zipo, tumeletewa magunia mawili, na niliyapekua yote. Ni mitumba ile ile inayofika Kongowea, ila huku haijapigwa pasi. Sketi ndefu hamna hata moja. Suruali zipo za kiuno cha mtoto wa darasa la sita.

---

Swaleh_wa_Majengo

Mimi niko Mombasa, shelta sijui ikoje. Lakini dada, tuwe wakweli. Kwani wake zetu hulala na nini? 😂

---

BintiKibokoni

Swaleh, nilijua atatokea mmoja.

Dera lina vyeo. Likiwa jipya huenda arusini, na shimizi lake na mtandio wake wa rangi moja. Likishaonekana na watu wote huenda maulidini. Kisha sokoni. Kisha hukaa nyumbani. Likififia shingo ndipo hulaliwa, na mwisho hukatwa tambara la kupigia deki. Sasa utaliitaje nguo ya kulalia kwa sababu siku moja litafika huko? Hata suti ya waziri siku moja itavaliwa shambani.

---

MamaFuraha_Portland

Jambo dada, pole sana kwa moto. Mimi ni mtu wa Bukavu, niko Maine.

Tulifika Portland mwezi wa sita 2019, tulikuwa mamia, wengi Wakongo na Waangola. Kwanza walituweka Expo, ule ukumbi wa mpira wa kikapu. Vitanda vya kukunja vilipangwa pale pale wanapochezea, familia kwa familia, bila ukuta katikati. Mimi nilikuwa nimetoka Brazil kwa barabara, msitu wa Darién, ule wa mpakani mwa Kolombia na Panama, nimeupita kwa miguu, na kikwembe kimoja nilichokuwa nimefungia mtoto mgongoni. Nguo zingine ziliishia mtoni. Basi mahali kama pale utabadilisha nguo namna gani? Wasichana wangu wawili walikuwa wanashika kikwembe, mmoja huku mmoja kule, mimi katikati nabadilisha haraka haraka. Jirani akiona tumeinua kikwembe, anageuza watoto wake. Hakuna aliyeandika kanuni hiyo. Watu wenyewe waliijua.

Baadaye tukapata mahali penye vyumba, na njo pale karatasi zikaanza. Kwangu haikuwa nguo, ilikuwa nywele. Jumamosi nilikaa sebuleni kusuka binti yangu, kama kwetu barazani. Wakaniambia hapana: nywele za bandia zinaingia kwenye viti, zinaziba mfereji wa bafu. Nililia, nilifikiri wanatuona wachafu. Kisha nikaenda kuona huo mfereji. Dada, ulikuwa umeziba kweli. Na nywele zilikuwa zetu.

Tulikubaliana nisuke chumba cha kufulia, Jumamosi baada ya chakula, plastiki chini, na kufagia ni kazi yangu. Mama mmoja wa Puerto Rico akaniletea binti wake nimsuke. Nilikataa. Kichwa cha mtoto wa mwenzako kikiuma usiku, kesi ni yako.

Wewe usikimbilie suruali. Omba mazungumzo na mkubwa wao mchana, si na yule wa zamu saa kumi na mbili asubuhi, wakati kila mtu ana njaa.

---

ZamuYaUsiku

Mimi niko upande wa pili wa hiyo meza: nafanya zamu za usiku katika shelta ya familia, jimbo jingine. Niruhusuni niseme tunaona nini, halafu mnitukane.

Kanuni ya nguo haikuandikwa kwa ajili ya dera. Nyumba ina baba wa watu, ina kijana wa miaka kumi na sita, ina mama aliyemkimbia mume akija huku, akiona mwanamume kifua wazi koridoni anatetemeka. Nimewahi kumwona mmoja hivyo. Alirudi chumbani akafunga mlango, na watoto wake hawakula usiku ule. Ndiyo maana tunashikilia taulo na vesti. Kwa hilo la kikoi, dada, nasimama na mwenye zamu. Mimi najua kikoi ni nini. Yule mama hajui, na saa tano usiku hana haja ya kufundishwa.

Jambo la pili ni king'ora cha moto. Februari mwaka jana kililia saa nane usiku kwa sababu ya mtu aliyeunguza mkate. Familia zote nje, theluji mpaka kwenye vifundo, na nusu ya watu hawana viatu. Mama mmoja alikuwa na leso mbili tu mwilini. Nilimpa koti langu, nikasimama nusu saa na shati. Tangu siku hiyo nawaambia wapya wote: koti, viatu na kitu cha kuvaa juu vikae mlangoni, si kabatini. Wewe uliyetoka na mfuko wa nguo chafu sina haja ya kukueleza.

Lakini dera lenye mikono, mpaka chini, na ushungi juu yake? Hapo kwangu hakuna kosa, labda kama ni jepesi na taa ya jikoni iko nyuma yako. Ulivaa shimizi?

Na hao wa taiti, ungejua. Wafanyakazi wengi wenyewe wamevaa taiti, nani atamwandikia mwenzake.

---

Mkalimani_wa_Simu

Dadangu, nimefika hapo kwenye simu ya mkalimani nikajishika kichwa. Hii ndiyo kazi yangu, mwaka wa saba sasa, na naweza kukwambia kilichotokea kama vile nilikuwepo.

Dera ni neno la pwani, na hata pwani lilitoka kwa Wasomali. Mtu wa Goma au Lubumbashi hana neno hilo. Alikuuliza mara moja, ukampa "ya kukaa nyumbani", na kwa Kiingereza nguo ya kukaa nyumbani iko mlango wa pili na nguo ya kulalia. Kaka hakukosea. Mara nyingine usiseme dera. Sema gauni. Gauni refu la mikono, navaa nje, sokoni, kwenye sherehe. Mkalimani yeyote wa Kiswahili atalipeleka salama.

Sahihi sasa. Soma sentensi iliyo juu ya mstari. Kama inasema umepokea, kutia sahihi ni kukiri umepokea, si kukiri kosa. Andika mwenyewe pembeni, kwa Kiswahili kama ni lazima: nimepokea, sikubaliani, naomba kikao na mkalimani. Weka tarehe. Piga picha. Kukataa kutia sahihi huwa hakuzuii kitu, huandikwa tu "amekataa", na faili lako linaonekana la mtu mgumu.

Onyo moja kwa kawaida halimtoi mtu. Yakirundikana ndipo hatari inapoanza, ndiyo maana usiliache likae bila jibu. Massachusetts ina sheria ya makazi kwa familia tangu 1983, ndilo jimbo pekee lenye sheria kama hiyo jimbo zima, lakini imebanwa sana: tangu 2025 kikomo cha kukaa ni miezi sita. Huna miezi ya kupoteza kwa ugomvi wa jikoni. Na ikija barua ya kukutoa, siyo onyo, barua, ndani yake huandikwa namna ya kukata rufaa na siku ulizo nazo. Zihesabu kuanzia tarehe ya barua.

La mwisho. Hizo kurasa kumi na moja ulizotia sahihi saa nne usiku, alikusomea nani? Mahali panapopokea fedha za serikali kuu panafungwa na sheria ya haki za kiraia ya 1964, na kukueleza mambo kwa lugha unayoielewa kwa miaka mingi kumehesabiwa kuwa sehemu yake. Waombe wakusomee zote upya na mkalimani, saa za mchana. Ni saa moja na nusu ya kazi, najua kwa sababu huwa naisoma mimi. Waambie huwezi kufuata usichosomewa. Huwa wanasikia.

---

Mzee_wa_Lowell

Mkalimani amesema vizuri. Naondoa suruali. Jicho nalibakisha.

---

BintiKibokoni

Nimerudi, na ahsanteni sana. Kikao kilikuwa jana saa nane mchana, mimi, mkubwa wao, dada wa zamu, na mkalimani kwenye simu, safari hii mama wa Kitanzania. Niliposema gauni, akacheka kidogo akasema, "Dera?" Nikamwambia ndiyo mamangu, lakini wewe waambie gauni.

Nilivaa lile jekundu la damu ya mzee, ambalo bado liko cheo cha maulidini. Nilichukua na picha kwenye simu, arusi ya binamu yangu, wanawake thelathini na madera yao, bibi arusi katikati. Mkubwa wao akaikuza picha kwa vidole, akauliza kama wote wale walikuwa wakienda kulala. Hata dada wa zamu alicheka.

Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. Akasema, "Na lile la buluu? Ulilala nalo?"

Nikanyamaza. Mkalimani naye akanyamaza, nikasikia pumzi zake kwenye simu. ZamuYaUsiku umeniuliza kuhusu shimizi na sikukujibu, sasa najibu nyote kwa pamoja: nililala nalo. Lile la buluu limefifia shingo tangu mwaka juzi. Saa kumi na mbili asubuhi niliamka, nikavaa ushungi, nikashuka nalo vile vile, bila shimizi. Kwangu Kibokoni hakuna mtu angeuliza, kwa sababu jikoni ni kwa mama. Nikamwambia ndiyo.

Tumekubaliana hivi. Onyo limeondolewa kwenye faili, mbele yangu. Madera matatu ni magauni, na imeandikwa. La buluu halitoki chumbani. Shimizi lazima. Leso ruhusa mabegani na kiunoni juu ya nguo, kifuani peke yake hapana, na hilo sikulibishia. Kikoi kimekataliwa moja kwa moja, kwa sababu zile zile alizotoa ZamuYaUsiku, na nilipomweleza mume wangu habari ya yule mama aliyejifungia chumbani alikaa kimya, akaenda kukikunja. Sasa anakwenda kuoga saa kumi na moja alfajiri na suti ya mazoezi kama askari wa kuruta. Taiti haikutajwa. Nilitaka kuitaja, ulimi ukafika menoni nikaurudisha.

Kusomewa kanuni upya ni Alhamisi, kurasa zote.

Ila kuna jambo moja niwape mcheke. Leso niliyojitanda kwenye kikao, sikuiangalia wakati wa kuichukua, imeandikwa MGENI SIKU MBILI YA TATU MPE JEMBE. Saa nzima nimekaa nayo mabegani mbele ya mkubwa wa shelta. Namshukuru Mungu mkalimani alikuwa kwenye simu.

Sasa nina shida ya shimizi. Ninalo moja na linakauka polepole kwenye hita. Kuna yeyote Worcester, Lowell au karibu na Boston anayeuza shimizi ndefu za pamba, za kamba, nyeupe au nyeusi? Si za nailoni, hizo hunata kwenye dera wakati wa baridi. Nahitaji mbili, na ya mtoto wa miaka tisa moja.